Pikapu ya dizeli ya zamani kwa ajili ya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Dodoma

Msimu wa mavuno ukikaribia maswali ni yale yale. Anauliza mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa, anauliza mkulima wa zabibu Hombolo, anauliza fundi ujenzi wa Nzuguni aliyechoka kukodi gari kila akitaka kupeleka simenti saiti. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa ninavyojua. Naongelea pikapu used ya kupiga mzigo kila siku, zile za miaka ya 90 mpaka 2005 hivi, na msimamo wangu nausema mapema: nunua injini na chasisi, hayo mengine yote yanarekebishika taratibu huku gari inaingiza hela.

Kwa nini nichukue ya zamani wakati kuna kirikuu na kuna pikapu mpya mpya?

Kirikuu ni nzuri sana kwa mjini, ukiwa unatoa mzigo Soko la Majengo unapeleka Area C au Nkuhungu, inakula mafuta kidogo na spea bei ya chini. Lakini siyo gari ya kwenda nayo Mpwapwa vijijini na nusu tani ya mzigo halafu ukutane na korongo la mchanga, utaiua mapema na utaumia roho.

Pikapu mpya nayo bei yake kwa mtu anayeanza ni mzigo mwingine, tena nyingi zina kompyuta na sensa ambazo ikizingua ukiwa Chemba huko ndani hakuna mtu wa kukusaidia. Ya zamani fundi yeyote mwenye seti ya spana na akili timamu anaifungua chini ya mti, spea zake zimejaa Dodoma, na ukitaka kuiuza baada ya miaka mitatu bado ina soko. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwamba haikuachi njiani bila njia ya kurudi nyumbani.

Injini gani nitafute?

Kwa Hilux tafuta 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, siyo lita). 3L ni cc 2779, 5L ni cc 2986, zote hazina turbo na pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, hakuna kompyuta inayoamua chochote. Nguvu siyo nyingi, ukipanda mlima na tani moja nyuma utarudi gia ya tatu na pengine ya pili, lakini inafika. 2L ya cc 2446 nayo ni ngumu ila kwa mzigo wa kila siku inachoka haraka kwa sababu dereva muda wote ameikanyaga mpaka chini.

Land Cruiser pikapu, hizi tunazoita mkonga, ile ya 1HZ ndiyo yenyewe. Silinda sita, cc 4164, haina turbo, imeanza kufungwa mwaka 1990 na mpaka leo mafundi wanaiheshimu. Ukiipata haijawahi kuchemka vibaya umepata kitu cha kurithisha watoto.

Nissan hardbody yenye TD27 au QD32 watu wanaidharau bila sababu. Taimingi yake inaendeshwa na gia siyo belti, kwa hiyo ule wasiwasi wa belti kukatika haupo. Shida ni kwamba spea siyo rahisi kupatikana kama za Toyota na ukitaka kuiuza mteja atakusumbua bei, ila kama hela ni ndogo na unataka gari ya kazi tu, iangalie.

Mitsubishi yenye 4D56 inavuta vizuri, ila silinda hedi yake ikichemka mara moja tu kwa nguvu inaweza kupasuka, na ina belti mbili, ya taimingi na ile ndogo ya balansi. Kama unaitaka hakikisha belti zote mbili zimebadilishwa na rejeta ni safi.

Tukiwa kwenye belti hapo hapo: 2L, 3L, 5L na 1HZ zote zina taimingi belti. Muulize mwenye gari imebadilishwa lini na aonyeshe risiti au sehemu ilipoandikwa. Kama hana jibu chukulia haijabadilishwa, weka kwenye hesabu yako, maana ikikatika ukiwa kwenye mwendo valvu zinakutana na pistoni na hapo ni ovahoo, yaani kufungua injini nzima na kuitengeneza upya.

Na hizi za D4D, dizeli za Toyota za kisasa zaidi, je?

D4D zilizokuja na Hilux ya 2005, ile 2.5 na ile 3.0, ni injini nzuri na zina nguvu kuliko hizo nilizotaja juu, tena zinakula mafuta kidogo. Tatizo ni injekta, zile zinazorusha dizeli ndani ya silinda. Zile zinafanya kazi kwa presha kubwa mno, uchafu au maji kidogo kwenye dizeli yanaziua, na bei ya injekta moja mpya inaweza kukaribia bei ya kufanyia pampu nzima ya 3L. Sasa fikiria unafanya kazi sehemu ambazo dizeli inauzwa kwa madumu barabarani, hujui dumu lile jana lilibeba nini. Kama njia zako ni za lami na unajaza sheli zinazoeleweka, chukua. Kama unaingia vijijini sana, baki na injini ya zamani isiyo na makuu.

Singo kebini au dabo kebini?

Ya kazi ni singo. Bodi yake ni ndefu, mzigo mwingi unakaa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, siyo nyuma ya ekseli ya nyuma. Dabo kebini chukua kama kweli una wafanyakazi wa kuwabeba kila siku, maana kuwapakia watu nyuma juu ya mzigo ni kosa na ni hatari, tumeshazika watu wengi kwa sababu hiyo.

Nikienda kuiangalia nianzie wapi?

Anza kwa kuikuta ya baridi. Mwambie mwenye gari au dalali kwamba unakuja saa moja asubuhi na usingependa iwashwe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja kwenye boneti, halafu ifungue ushike na ile hosi kubwa ya juu ya rejeta. Kama kuna joto, gari imeshawashwa, na hapo jiulize kwa nini. Dizeli inawaka kwa joto la mgandamizo, haina plagi za cheche, kwa hiyo injini iliyochoka ringi za pistoni inasumbua sana kuwaka asubuhi, na Juni na Julai kwa baridi ya hapa Dodoma ndiyo inaumbuka kabisa. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanaipasha.

Kabla ya kuwasha fungua mfuniko wa rejeta, ikiwa ya baridi tu, usifungue ya moto. Angalia maji. Kuna mafuta mafuta yanaelea? Kuna kutu nzito ya rangi ya ugoro? Vuta dipstiki ya oili. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida, hata ukibadilisha leo kesho ni nyeusi, usiogope hilo. Unachoogopa ni oili ya rangi ya chai ya maziwa, hiyo maana yake maji yameingia, gasketi au hedi imekwenda.

Washa sasa. Subiri taa ya hita (zinazopasha silinda kabla ya kuwasha) izime, piga stata. Nzima inashika ndani ya sekunde chache. Iache isailensi, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta, dakika chache, kisha fungua mfuniko wa oili juu ya injini huku inanguruma, uugeuze juu chini uuweke pale pale kwenye tundu bila kuukaza. Ukitikisika kidogo na kuvuta mvuke mwepesi ni sawa. Ukirushwa, na moshi mzito unapuliza kwa mapigo puh puh puh, na ukichomoa dipstiki napo kunatoka moshi, basi mgandamizo unapita kwenye ringi kwenda chini na hiyo injini inadai ovahoo hata kama inaenda. Hicho kipimo hakina gharama na kinakwambia mengi kuliko maneno ya dalali.

Halafu rudi kwenye rejeta, ambayo mfuniko wake uliuacha wazi tangu ikiwa ya baridi, mwambie mtu akanyage resi taratibu wewe ukiangalia maji. Mapovu yasiyoisha ni dalili ya hedi kupasuka au gasketi kuungua. Uliza pia kama themostati, ile valvu inayoongoza maji ya kupooza injini, ipo. Mafundi wetu wengi wana tabia ya kuing'oa wakidai Dodoma ni joto haihitajiki, na gari nyingi zilizong'olewa ziling'olewa kwa sababu zilishaanza kuchemka, kwa hiyo ukikuta haipo endelea kuchimba.

Moshi wa rangi gani ni mbaya?

Mweusi kidogo ukiikanyaga ghafla siyo kesi. Mweusi mzito muda wote ni dizeli nyingi kuliko hewa, inaweza kuwa ni filta ya hewa tu imejaa vumbi, na kwa vumbi la huku hilo ni la kwanza kuangalia, au nozeli za kurusha dizeli zimechoka. Nozeli zinapimika na kutengenezeka, haina haja ya kukimbia, punguza bei.

Wa bluu ni oili inaungua. Hapo kuwa mkali.

Mweupe asubuhi kisha unapotea ni kawaida ya injini ya zamani au hita moja haifanyi kazi. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na maji yanapungua kwenye rejeta, achana nayo.

Chasisi naikaguaje?

Ingia chini. Kweli, lala chini na tochi, vaa nguo ya kazi. Anzia nyuma, pale springi zinaposhikwa kwenye chasisi, ndipo kutu na nyufa zinapoanzia kwenye Hilux. Kisha angalia kati ya kebini na bodi, sehemu chasisi inapojikunja mzigo ukizidi. Gonga kwa nyundo ndogo au bisibisi nzito, chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chasisi nzima ikakufanya ukose hata pa kuona chuma ni sababu ya kukagua mara mbili. Gari iliyokaa Dar, Tanga au Mtwara imekula chumvi ya bahari, iliyokaa Dodoma na Singida maisha yake yote huwa chuma chake kiko vizuri zaidi, hilo ni jambo la kuuliza: ilikuwa inafanya kazi wapi?

Kuchomelewa siyo lazima kuwe kosa, gari ya kazi inachomelewa. Angalia ilivyochomelewa. Bati zuri lililopachikwa kwa urefu pande zote mbili linabeba miaka. Uchomeleaji wa haraka haraka wenye matone matone juu ya ufa utafunguka siku ya kwanza ukipita matuta na mzigo.

Ukiwa huko huko chini chukua brashi ya waya, safisha chasisi mbele upande wa kulia karibu na tairi, usome namba ya chasisi iliyogongwa pale na uilinganishe na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Kama sehemu hiyo imesagwa, imechomelewa au namba zimekaa kombo kombo, simama ondoka.

Kwenye kuiendesha nipime nini?

Usizunguke nayo mtaani tu. Ipeleke kule milima ya UDOM, ipandishe kwa gia kubwa uone kama klachi inateleza, resi zinapanda gari haiendi. Ukishuka achia mafuta kisha kanyaga tena, gia ikichomoka yenyewe au difu (boksi la gia kwenye ekseli) ikigonga kwa nguvu umeshajua. Mlio wa kuvuma unaopanda na spidi ni difu au bearingi za magurudumu. Krosi jointi zinagonga ukiondoka, hizo ni za bei ndogo.

Foo wili nayo lazima uijaribu, usikubali kuambiwa tu inafanya kazi. Shuka, funga hub za mbele (vile vifungo vya katikati ya magurudumu) kwa mkono, tafuta mchanga wa korongo lolote lililokauka, na Dodoma hayakosekani, ingiza 4L (gia ya foo wili ya taratibu), uone tairi za mbele zinavuta. Wengi hawajaigusa miaka na imeshashikana, na utakuja kuigundua Januari ukiwa kwenye tope la mbuga za Bahi na mpunga wa watu nyuma.

Endesha angalau nusu saa ukiangalia geji ya joto. Gari inayochemka huwa haichemki dakika kumi za mwanzo.

Kilomita zinaaminika?

Hapana. Kwenye gari ya umri huo dashibodi ikisoma laki moja na ishirini usiipe uzito wowote. Angalia pedali za klachi na breki zilivyolika, stelingi ilivyong'aa, kiti cha dereva kilivyobonyea. Gari iliyotembea kilomita nyingi ikasevisiwa ni bora kuliko iliyotembea chache bila sevisi.

Za mnada wa serikali zinafaa?

Tangu serikali ihamie Dodoma minada hii iko karibu na sisi na ni nafasi nzuri, hasa Land Cruiser na Hilux za taasisi. Ila zinauzwa kama zilivyo, hakuna kurudisha, na nyingi zimekaa juani muda mrefu betri imekufa na huruhusiwi kuiendesha. Siku za ukaguzi zinatangazwa kwenye tangazo, zitumie, nenda na fundi wako, kagua chasisi, oili, maji, hesabu vitu vilivyong'olewa. Soma masharti ya amana, mara nyingi unalipa robo ya bei papo hapo na iliyobaki ndani ya siku chache, ukishindwa amana imekwenda. Na kumbuka gari yenye namba za serikali inabidi isajiliwe upya namba za kiraia, kwa hiyo uliza TRA gharama kabla hujanyoosha mkono.

Makaratasi nahakikisha vipi?

Taka kadi orijino, siyo kopi wala picha ya WhatsApp. Jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayekuuzia vifanane. Kama aliyeandikwa alishafariki, anayeuza aonyeshe barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, bila hiyo ndugu wengine watakufuata na watakuwa na haki. Kama kadi ina jina la benki, deni liishe na benki itoe barua. Na kuna hizi kadi zilizowekwa bondi kwa wakopeshaji wa kausha damu, mtu anakwambia kadi iko kwa kaka, lipa kwanza nikuletee. Usilipe.

Namba ya injini nayo ilinganishe na kadi. Hilux nyingi zimebadilishwa injini, ilikuwa 2L ikafungwa 3L, siyo dhambi, lakini mabadiliko yawe yameingizwa TRA, vinginevyo yatakusumbua wewe.

Faini za trafiki ziangalie kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kwa kuingiza namba ya gari, kila kosa ni elfu 30 na zikirundikana ni hela. Stika ya bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo asije mtu akakudai hiyo. Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, wote muwe na TIN, kisha uhamishe umiliki TRA mara moja, usitembee miaka na jina la mtu. Kama utabeba mizigo ya watu kwa malipo, nenda na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ukaulize leseni yako.

Bei nizungumze vipi, na nibakize ngapi?

Bei inategemea hali, kwa hiyo ongea na orodha mkononi. Fundi akague, muandike kila kitu, tairi nne, belti, bushi, springi jani limevunjika, nozeli, mpigie simu maduka ya spea mjue bei ya kila kimoja, halafu ndiyo ukae na muuzaji. Hapo unamwonyesha namba, na mtu muungwana anaelewa. Fundi awe wa kwako, umlipe wewe, asiwe yule aliyeletwa na dalali.

Na usitumie hela yote. Kama una milioni 12 tafuta gari ya milioni 9. Nimeona vijana wazuri wenye bidii wamenunua gari kwa senti ya mwisho, mwezi wa kwanza pampu ya maji ikafa, gari ikapaki Kizota miezi minne nje ya gereji, msimu ukapita. Inaumiza kuliko kukosa gari.

Inabeba kiasi gani?

Hilux ni kama tani moja, mkonga ni tani moja na kidogo. Tani moja ni mifuko 20 ya simenti ya kilo 50, au simtanki la lita 1000 likijaa maji, au magunia 10 ya mahindi ya kilo 100. Sasa gunia la lumbesa halina kilo 100, linapita hapo, kwa hiyo magunia 10 ya lumbesa tayari umezidisha na wewe unadhani uko sawa. Pima au kadiria kwa haki. Kuongeza majani ya springi hakuongezi nguvu ya breki wala ya ekseli, mzigo utakaa wima lakini kusimama hutasimama, na mteremko wa Nyang'oro barabara ya Iringa hautaki mchezo huo.

Mafuta inakula vipi?

Hilux ya 3L au 5L weka kilomita 9 mpaka 11 kwa lita, 1HZ weka 7 mpaka 8, mzigo na mchanga zinashusha. Bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka ya nishati na maji, zinatoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, panga nauli zako kwa bei ya mwezi husika.

Nimeshanunua, wiki ya kwanza nifanye nini?

Usiipakie kwanza. Mwaga oili zote, ya injini, gia boksi, difu zote mbili na transfa (boksi la foo wili), weka mpya. Filta ya oili, filta ya dizeli, filta ya hewa, zote mpya. Taimingi belti kama haina historia. Osha rejeta, weka kulanti, rudisha themostati kama iling'olewa na sababu yake umeshaitibu. Piga grisi kwenye chuchu zote za grisi huko chini. Nunua jeki ya tani inayofaa na spea tairi nzima, miiba ya huku unaijua, na kama ni mkonga wenye tairi za 7.50R16 za tyubu beba tyubu ya akiba.

Baada ya hapo filta ya hewa ipulize kila wiki wakati wa kiangazi, na lile kombe la kuchuja maji chini ya filta ya dizeli lifungue utoe maji kila ukijaza mafuta ya madumu. Oili ya injini usivuke kilomita 5,000. Mpe dereva daftari, kila akijaza mafuta aandike kilomita na lita, kila akiongeza oili au maji aandike, nusu lita ya oili ikianza kupotea kila wiki utaiona kwenye karatasi kabla injini haijaanza kutoa moshi.